Majira makali ya baridi ya miaka iliyopita: nini hasa kiliua watu, na kijana wa Pwani ajiandae vipi?

Mkomani_Amu aliuliza:

Assalam aleykum wanabaraza.

Vijana wetu wa Amu na Malindi wanapata nafasi za kusoma Uturuki, Kanada na Marekani, na wengi hufika huko mwezi wa tisa wakiwa na koti moja la kununuliwa mbiombio. Tunatayarisha kikao cha jioni kwa kundi la mwaka huu. Hatutaki kuwaambia tu "kuna baridi, jifunikeni". Twataka mifano ya kweli ya majira ya baridi yaliyotikisa nchi za watu, na kila mfano uwe na sababu yake na kinga yake.

Maswali yangu ni haya. Ni miaka gani iliyotia fora, na ubaya wa kila mmoja ulikuwa nini? Watu walikufa kwa nini hasa? Umeme ukikatika katikati ya baridi hiyo mtu afanye nini ndani ya nyumba? Na wazee wetu huuliza kila mara: baridi ya huko ina uhusiano wowote na pepo zetu za kaskazi na kusi?

---

MwanaHewa_Malindi alijibu:

Waaleykum salam. Anzeni kwa kuwaondolea vijana wazo kwamba kinachoua ni namba ya kipimajoto peke yake. Baridi kubwa kuliko zote iliyopimwa ardhini ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri, kituo cha Vostok huko Antaktika, tarehe 21 Julai 1983. Kule Siberia, Verkhoyansk ilifika nyuzi 67.8 chini ya sifuri mwaka 1892 na Oymyakon 67.7 mwaka 1933, na watu wanaishi miji hiyo mpaka leo, wanafanya kazi na kusomesha watoto. Kanada nayo rekodi yake ni Snag, jimbo la Yukon, nyuzi 63 chini ya sifuri tarehe 3 Februari 1947. Baridi ya namna hiyo, kama hewa imetulia na nyumba zimejengwa kwa ajili yake, watu huiweza. Maafa hutokea pale baridi inapoongezwa kitu kingine: upepo, maji yanayogandia, au nyumba na mitambo isiyojengwa kwa baridi.

Nianze na upepo. Mwili hupasha joto tabaka jembamba la hewa linaloshikana na ngozi, na upepo kazi yake ni kulipeperusha tabaka hilo kila linapotengenezwa. Nyuzi 20 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa humpoza mtu kama nyuzi 33 chini ya sifuri. Kilomita 30 ni kama fundo 16, upepo ambao wakati wa kusi hakuna baharia wa Amu anayeushangaa. Kwa vipimo wanavyotumia Kanada, baridi ya upepo ikiwa kati ya 28 na 39 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huweza kuganda kwa dakika 10 hadi 30. Ikifika 40 hadi 47, ni dakika 5 hadi 10. Kijana asome namba hiyo ya upepo kwenye utabiri kabla ya kutoka, asiishie kwenye namba ya joto.

Upepo ukichanganyika na theluji ndipo unapata dhoruba ya theluji. Marekani huiita hivyo upepo ukifika kilomita 56 kwa saa au zaidi na macho yasione mbele ya mita 400, kwa muda wa saa tatu au zaidi. Mfano unaonigusa kuliko yote ni ule wa tarehe 12 Januari 1888, nyanda za kati za Marekani. Asubuhi kulikuwa na joto la kuvutia, watu wakatoka na nguo nyepesi, watoto wakaenda shule bila makoti mazito. Hewa ya baridi ikaingia ghafla mchana. Walikufa watu wapatao 235, wengi wao watoto waliokuwa wakijaribu kurudi nyumbani. Waelezeni vijana jambo hili kwa utulivu: wengi walipatwa na mauti kwa kutoka mahali palipokuwa na paa. Mwezi wa tatu mwaka huo huo dhoruba nyingine ikaifunika New York, zaidi ya watu 400 wakafa pwani yote ya mashariki, na nyaya za simu na umeme zilizoanguka barabarani zikausukuma mji kuzizika nyaya zake ardhini.

Iliyoua watu wengi kuliko zote haikuwa Ulaya wala Marekani. Ilikuwa Iran, Februari 1972. Theluji ilianguka kwa karibu juma zima, mahali pengine ikapita mita 3, vijiji vikafukiwa na waliomo, na takriban watu 4,000 wakafariki. Kule kukosekana kwa njia ya kufikisha msaada kulizidisha maafa.

---

Mkomani_Amu aliuliza:

Maalim, shukran sana. Mmoja wa vijana anakwenda Montreal. Nimesikia habari za barafu ya 1998 iliyoangusha nguzo za umeme. Mvua inawezaje kuangusha mnara wa chuma?

---

MwanaHewa_Malindi alijibu:

Hilo ni somo zuri na wengi hulikosea. Ile haikuwa theluji. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Januari 1998 hewa ya joto na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko ilipanda juu ya hewa baridi iliyokwama katika bonde la mto Saint Lawrence. Theluji ya juu ikayeyuka ilipopita tabaka la joto ikawa mvua, kisha mvua hiyo ikapita tabaka jembamba la baridi karibu na ardhi. Matone hayakupata nafasi ya kuganda hewani. Yalibaki maji, lakini maji yaliyo chini ya sifuri, na kila yalipogusa waya, tawi au paa yakaganda papo hapo. Sehemu nyingine kulikusanyika milimita 80 na zaidi ya mvua ya namna hiyo kwa siku chache.

Sasa pigeni hesabu mbele ya vijana. Chukua waya wa sentimita 2.5, uvishe barafu ya sentimita 5 pande zote. Kila mita moja ya waya inabeba kilo 10 na zaidi ya barafu. Kati ya mnara na mnara kama kuna mita 300, ni zaidi ya tani 3 kwa waya mmoja, na mnara hubeba nyaya nyingi. Halafu kuna jambo la pili: mnara husimama kwa sababu nyaya za upande huu na upande ule zinauvuta sawasawa. Mmoja ukianguka, jirani yake anavutwa upande mmoja tu, naye anakwenda, na mstari mzima unafuatana. Ilianguka minara ya chuma ipatayo 1,000 na nguzo za mbao zipatazo 30,000. Watu wapatao milioni 4 wakakosa umeme, 35 wakafariki. Eneo la kusini ya Montreal, kati ya Saint-Hyacinthe, Granby na Saint-Jean-sur-Richelieu, liliitwa pembetatu ya giza. Wengine huko walikaa zaidi ya mwezi bila umeme. Hata mitambo ya kusafisha maji ya Montreal ilipoteza umeme. Baadaye shirika la umeme la Québec likaanza kuweka, kila baada ya minara kadhaa, mnara mmoja ulioimarishwa kuhimili mvuto wa upande mmoja, ili mporomoko ukifika hapo ukome.

Kijana wa Montreal achukue mambo mawili. Mvua ya namna hiyo ikitangazwa, asipite chini ya miti wala nyaya, hata mvua ikiwa imeshakata, kwa sababu vipande vya barafu huanguka siku ya jua. Na awe na akiba ya siku 3 ya maji ya kunywa na chakula kisichohitaji kupikwa. Lita 4 za maji kwa mtu kwa siku zinatosha.

---

FundiPaipu_Mld alijibu:

Naongeza upande wa Texas, Februari 2021, kwa sababu ndio unaotuhusu zaidi sisi watu wa nchi za joto. Dallas ilishuka mpaka karibu nyuzi 19 chini ya sifuri tarehe 16. Kwa Montreal hiyo ni baridi ya kawaida ya Januari. Kwa Texas ilikuwa msiba: wizara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246, karibu theluthi mbili kwa baridi yenyewe.

Sababu ilikuwa mnyororo. Visima na paipu za gesi viliganda, vituo vya umeme vikakosa gesi, na umeme ulipokatwa kwa zamu baadhi ya mitambo ya kusukuma gesi nayo ikazimwa, kwa hivyo gesi ikapungua tena. Mfumo wa umeme wa Texas haujaunganishwa vya kutosha na majirani zake, basi hapakuwa na pa kuazima. Usiku wa kuamkia tarehe 15 mfumo mzima ulibakiza dakika 4 na sekunde 37 kuanguka kabisa. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilizimika.

Baada ya hapo ndipo paipu zikapasuka, na hapa fundi wa Pwani inabidi afikiri upya. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Watu hudhani paipu hupasuka pale palipoganda. Mara nyingi sivyo. Barafu husukuma maji yaliyonaswa kati yake na mfereji uliofungwa, shinikizo likapanda, na paipu ikapasuka mahali palipo dhaifu, pengine hata pasipo na barafu. Ndiyo maana mtu huambiwa aache mfereji udondoke: maji yale yanayotiririka kidogo yanapunguza shinikizo. Na mpasuko hauonekani mpaka barafu iyeyuke, kwa hivyo nyumba hufurika siku ambayo watu wanafurahia jua.

Siku ya kwanza ya kuhamia, kijana aulize koki kuu ya maji iko wapi na ajaribu kuifunga kwa mkono wake. Hilo hata likiwa la kuonewa haya, aulize. Usiku wa baridi kali aache mfereji ulio mbali zaidi na koki kuu utiririke uzi mwembamba, wa moto na wa baridi, na afungue milango ya kabati zilizo chini ya sinki ili joto la chumba lizifikie paipu. Akisafiri, asizime kipasha joto; akiache kwenye nyuzi 13 kwenda juu. Mfereji ukigoma kutoa maji, auache wazi, aanze kupasha paipu kutoka upande wa mfereji kurudi nyuma, kwa mashine ya kukaushia nywele au taulo za maji moto. Akianzia katikati, maji yaliyoyeyuka yananaswa kati ya barafu mbili na kazi inaharibika. Moto wa wazi hapana kabisa, nyumba za huko ni mbao na pamba ndani ya kuta. Paipu ikipasuka: koki kuu kwanza, kisha fungua mifereji yote ikimbie, na umeme wa eneo hilo uzimwe ikiwa maji yamekaribia soketi.

---

Muuguzi_Ngomeni alijibu:

Ndugu Mkomani, naomba nusu ya kikao chako uiweke kwenye jambo hili: makaa ndani ya nyumba.

Montreal 1998 na Texas 2021, zote mbili, watu waliokimbia baridi waliuliwa na kaboni monoksidi. Texas peke yake wizara ilihesabu 19. Waliingiza jiko la makaa la kuchomea nyama ndani, au waliwasha jenereta ndani ya banda la gari, au waliwasha gari ndani ya banda ili wapate joto. Gesi hii haina harufu wala rangi. Inashikana na damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hivyo hata kidogo kikikaa muda mrefu kinatosha.

Kwetu jiko la makaa huwekwa uani, na nyumba za Amu zina kiwanda (uwanja wa ndani ulio wazi juu), madirisha ya mbao na dari ndefu, hewa inapita usiku na mchana. Nyumba ya Kanada imezibwa kila ufa makusudi. Jiko lile lile, makaa yale yale, ndani ya chumba kilichozibwa huua watu wakiwa usingizini. Na chetezo kiingizwe katika onyo hili. Kidonge cha makaa cha kufukizia udi ni kidogo, lakini mtu akifukiza chumba kidogo kilichofungwa, akalala, makaa yakaendelea kuungua polepole, anajitia hatarini. Atumie chetezo cha umeme, au afukize dirisha likiwa wazi na makaa ayazime kwa maji, ayatoe nje, kabla ya kulala.

Wanaokwenda Uturuki wana hatari yao maalumu. Nyumba nyingi za zamani huko hupashwa joto kwa jiko la makaa ya mawe lenye bomba la moshi linalopanda mpaka juu ya paa. Unapovuma upepo wa kusini wauitao lodos, husukuma moshi urudi chini ndani ya chumba, na karibu kila majira ya baridi serikali hutoa tahadhari kwa sababu familia hufa. Siku ya lodos jiko lisijazwe makaa kabla ya kulala, na kama bomba halivuti, lisiwashwe.

Kila kijana anunue king'ora cha kaboni monoksidi cha betri, akiweke karibu na anapolala. Cha moshi hakitoshi, hicho ni kitu kingine. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, lakini bila homa, na wote wa nyumba wanaumwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Hapo hakuna kujadiliana: toka nje, kisha piga simu, 911 Kanada na Marekani, 112 Uturuki. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka ukutani, na mdomo wa ekzosi uelekee mbali na milango na madirisha.

Umeme ukikatika, joto bora ni la watu na nguo. Kusanyikeni chumba kimoja, kidogo, kisicho na madirisha mengi. Zibeni chini ya mlango kwa taulo. Funikeni madirisha kwa mablanketi jua likizama, myafungue jua likiingia. Weka kitu chini yenu, godoro au zulia, kwa sababu sakafu hunyonya joto kuliko hewa. Kula mara kwa mara. Mwili unaotetemeka unachoma chakula kingi. Tochi ni bora kuliko mishumaa.

---

Bahari_Matondoni alijibu:

Na gari? Uturuki pengine hawataendesha, lakini Marekani kijana hupewa lifti na wenzake.

---

MwanaHewa_Malindi alijibu:

Buffalo, jimbo la New York, imetoa funzo hilo mara mbili. Tarehe 28 Januari 1977 theluji mpya iliyoanguka haikuwa nyingi. Lakini ziwa Erie lilikuwa limeganda tangu katikati ya Desemba, na juu ya barafu yake kulikuwa na theluji kavu ya majuma kadhaa. Upepo ukaja na vishindo vya kilomita 111 kwa saa, karibu fundo 60, ukaizoa theluji yote ya ziwa na kuimwaga mjini. Walikufa 29, kadhaa wao ndani ya magari yaliyofukiwa. Mwaka 2022, kuanzia tarehe 23 Desemba mpaka Krismasi, mji huo huo ukapigwa tena kwa saa zaidi ya 36 mfululizo. Walikufa zaidi ya 40, na magari ya kuokoa yenyewe yakakwama, kwa hivyo hata aliyepiga simu hakufikiwa.

Gari likikwama, kaa ndani yake. Nje, macho hayaoni hata mkono wako, na watu wamekutwa wamekufa mita chache kutoka mlangoni. Kabla ya kuwasha injini, shuka usafishe mdomo wa ekzosi. Theluji ikiuziba, moshi hurudi ndani ya gari, na rudia kila unapowasha. Washa injini kama dakika 10 kila saa, si zaidi, na wakati huo ufungue kidogo dirisha la upande wa demani, usiopigwa na upepo. Funga kitambaa chenye rangi kali kwenye gari, washa taa ya ndani wakati injini inapowaka tu. Chezesha mikono na miguu. Theluji usiile mbichi, iyeyushe kwanza, vinginevyo unatumia joto la mwili kuiyeyusha. Ndani ya gari kuwe na blanketi, koleo, tochi, maji, tende au biskuti, na tangi lisishuke chini ya nusu. Tende ni chakula kizuri mno kwa kazi hii, hazigandi zikawa jiwe na zina nguvu nyingi kwa uzito mdogo.

---

Bahari_Matondoni alijibu:

Ahsante bwana. Basi nami nijibu lile swali la wazee, maana si swali la porojo.

Kaskazi yetu, ile ya Desemba hadi Machi iliyoleta majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi tangu zamani, asili yake ni majira ya baridi ya Asia. Bara lile linapopoa, hewa iliyo juu yake inakuwa nzito, inakandamiza. Mgandamizo wa kawaida usawa wa bahari ni kama milibari 1,013. Kule Agata, Siberia, tarehe 31 Desemba 1968 ulipimwa zaidi ya 1,083. Hewa hiyo nzito inatafuta pa kushukia, kuelekea kusini ambako jua limehamia, na mzunguko wa dunia unaipindisha. Kwetu inafika ikitoka kaskazini-mashariki, imeshapita juu ya bahari yenye joto, kwa hivyo baridi yake yote imekwisha njiani.

Kusi ni kinyume chake. Mwezi wa sita hadi wa nane ni majira ya baridi ya kusini ya dunia. Mgandamizo mkubwa unakaa upande wa visiwa vya Mascarene, na upepo unapanda kwa nguvu kando ya pwani yetu. Usiku wa Julai Malindi hushuka kwenye nyuzi 22 hivi, wala hakuna wa kugandia. Ukali wetu ni bahari: mawimbi nje ya mwamba, ngalawa na mashua kubaki ndani, na idara ya hali ya hewa kutoa tahadhari pepo zinapopita fundo 25. Waambieni wazee kwamba mabara yanapopoa ndipo tanga letu linapojaa. Wasidhani tu kwamba kila mwaka wa baridi kali Ulaya huleta kaskazi kali hapa. Baridi ya Uingereza ina mambo yake mengine.

---

Mkomani_Amu aliuliza:

Umenifungulia mlango, shekhe. Uingereza nako kulikuwaje? Na jambo jingine kwa Muuguzi: kijana akianza kuganda vidole, au mwenzake akianza kuzungumza ovyo kwa baridi, afanye nini? Na udhu je, kwenye baridi ya namna hiyo?

---

MwanaHewa_Malindi alijibu:

Uingereza kwa ufupi. Mwaka 1947, kuanzia tarehe 22 Januari mpaka katikati ya Machi, theluji ilianguka kila siku mahali fulani nchini. Akiba ya makaa ya mawe ilikuwa ndogo tangu vita, treni zikakwama, umeme wa majumbani ukakatwa saa 5 kwa siku, kisha theluji ikayeyuka kwa mpigo na mafuriko yakafuata. Mwaka 1962 hadi 1963 baridi ilianza baada ya Krismasi ikakaa mpaka Machi. Januari 1963 wastani wa Uingereza ya kati ulikuwa nyuzi 2.1 chini ya sifuri, na bahari ikaganda ufukoni sehemu kama Herne Bay. Uingereza haikuwa na baridi ya Siberia. Ilikuwa na baridi ya wastani isiyokoma, na nchi isiyokuwa na akiba ya kuihimili.

---

Muuguzi_Ngomeni alijibu:

Vidole vikiwa vyeupe au vya kijivu, vigumu, havisikii: ngozi imeganda. Usisugue, wala usisugue kwa theluji kama wasemavyo baadhi ya watu. Unachana nyama kwa vipande vya barafu vilivyo ndani yake. Ingia ndani, vua pete, tumbukiza kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, ambayo kiwiko cha mkono usioganda husikia vuguvugu, mpaka rangi irudi. Maumivu yatakuwa makali. Usikaribishe motoni, mtu asiyesikia huungua bila kujua. Na kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani kuelekea hospitali, usiyeyushe kwanza. Kuganda mara ya pili huharibu zaidi.

Mwili wote ukipoa chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka sana, kisha maneno yanamkokota, anajikwaa, anasahau. Akiacha kutetemeka na bado ana baridi, hali ni mbaya. Wengine huanza kuvua nguo wakihisi joto. Asichekwe, ni dalili ya hatari. Muingize ndani, mvue vilivyolowa, mpashe kifua, shingo na kinena kwanza kwa blanketi kavu au mwili wa mwenzake. Kama anameza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari nyingi. Usimsugue mikono na miguu, wala usimbebe kwa vishindo. Piga simu.

Udhu. Wengi wa Pwani ni Mashafii, na ruhusa ya kupangusa juu ya khofu, yaani soksi nzito kama za ngozi, badala ya kuosha miguu inajulikana: mkazi mchana na usiku wake, msafiri siku 3 na usiku wake, hesabu ikianza pale udhu unapotenguka baada ya kuzivaa. Sharti avae akiwa na udhu kamili, ziwe tohara, zifunike mguu pamoja na vifundo, na ziwe imara kiasi cha kutembelewa. Soksi nyembamba za dukani hazifai kwa hilo. Anunue za ngozi, zinapatikana Uturuki kwa wingi, na juu yake avae kiatu kipana. Kiatu kinachobana huzuia damu na vidole huganda haraka zaidi.

Baada ya udhu akaushe uso, masikio, ndevu na nywele kabisa kabla ya kufungua mlango. Chini ya nguo asivae fulana ya pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki na humpoza. Sufi au nguo ya michezo ya kitambaa cha polista ndani, sweta katikati, koti lisilopitisha upepo juu, na glovu za aina ambayo vidole vinne vinakaa pamoja, maana vidole vilivyogusana hupashana joto.